Mkandarasi mkuu anasema atanilipa akilipwa: nifanye nini?

Swali, kutoka kwa mkandarasi wa umeme, Dodoma
Ndugu zangu, mkandarasi mkuu alinipa kazi ya kufunga mfumo wa umeme katika jengo la ghorofa tatu, nikaikamilisha na kuikabidhi mwezi Machi mwaka jana. Shilingi milioni 38 sijalipwa hadi leo. Kila nikidai naoneshwa kifungu kinachosema kwamba nitalipwa baada ya yeye kulipwa na mwenye mradi, ilhali vibarua niliowakopa jasho lao wananipigia simu kila Jumamosi. Je, naweza kumshtaki mwenye mradi moja kwa moja?

Wakili
Pole sana, ndugu. Kwa kawaida huwezi, kwa kuwa huna mkataba naye. Mdaiwa wako ni aliyekupa kazi. Kifungu hicho kisome neno kwa neno, kwani kuahidi malipo "baada ya" kulipwa si sawa na kusema hayatakuwapo "endapo" hatalipwa. Uingereza ilivibatilisha vifungu vya aina hii kwa sheria ya mwaka 1996, isipokuwa pale mwenye mradi anapofilisika. Kwetu utategemea mkataba wenyewe na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo kifungu chake cha 73 kinahusu fidia kwa aliyevunjiwa mkataba. Lakini kwanza angalia kama mlikubaliana kwenda kwa msuluhishi, yaani mtu wa kuamua mgogoro nje ya mahakama, maana ukikimbilia mahakamani mwenzako anaweza kuomba shauri lisimamishwe chini ya Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, nawe utakuwa umepoteza ada na miezi.

Mkadiriaji majenzi
Ulizia pia hati za malipo, yaani zile zinazoidhinisha kiasi ambacho mkandarasi mkuu alipwe na mwenye mradi. Nimewahi kukuta kazi ya mkandarasi msaidizi kama wewe imekwisha kulipwa ndani ya hati ya mkandarasi mkuu, naye fedha akazinunulia nondo za mradi mwingine. Kilichomaliza ubishi kikaoni ni daftari la saiti lenye sahihi ya mhandisi siku taa zilipojaribiwa. Fedha zilizozuiliwa hadi kipindi cha matazamio kiishe, yaani muda wa kungoja kuona kama kazi ina kasoro, zidai kando, usije ukaonekana unadai kisichoiva.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nimeusoma mkataba upya, na kweli unataja msuluhishi atakayeteuliwa na Baraza la Taifa la Ujenzi. Hati ya makabidhiano ninayo. Daftari lilibaki kwa msimamizi wa saiti, na Jumatatu nitaliomba kwa barua.