Namba za mbao ngumu hazikai: muuzaji anasema hivi, China inasema vile

Mchana_Mninga:
Wakuu habari zenu. Wiki ya pili hii nalinganisha nchi zinazouza magogo na mbao ngumu China, nimechukua Msumbiji, Gabon na sisi Tanzania, na naona naelekea kuchanganyikiwa. Msumbiji walizuia magogo yasitoke, sheria ikaanza 2017, ila ukifungua takwimu za forodha za China miaka ya baadae magogo ya Msumbiji yanaingia tu kama kawa. Gabon nao walizuia 2010, nikichora grafu naona kama biashara yao imekufa kabisa. Sasa naandika namba ya nani?

WakalaKurasini:
Mkuu anza na namba za anayenunua. Anayeuza ana sababu ya kupunguza, kuna ushuru kuna kibali, anayepokea kule hana cha kuficha. Na sio Msumbiji tu, hata sisi tumo, ile ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, wale wanaofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, ya misitu ya kusini ilikuta China imeandika mzigo wa kutoka Tz mara kumi ya tuliouandika wenyewe. Mara kumi!! Ila usikimbilie kusema yote ni wizi. Kontena linatoka Desemba linafika Februari, tayari miaka miwili tofauti, halafu huku inaandikwa bei ya bandarini, kule wanajumlisha nauli na bima, so bora ulinganishe kwa kyubiki kuliko kwa dola. Na cheki namba ambazo forodha wanaipa kila aina ya bidhaa, 4403 ni magogo, 4407 ni mbao zilizopasuliwa. Gogo likipitishwa msumeno pande nne tu huku linaitwa mbao, likifika kule wanaliona ni gogo. Mchezo upo hapo

jua_kali254:
Na mkumbuke ya njiani. Mimi ni seremala Nairobi, mwaka jana nilinunua mahogany kwa yadi moja, mwenyewe ananiambia ni ya Kongo, Ituri, risiti imeandikwa Uganda 😂 sasa hiyo utaihesabia nani? Huku tangu ukataji kwa misitu ya serikali usimamishwe 2018 tulizoea kutegemea majirani, kwa hivyo ukiona Uganda inauza mbao ngumu usidhani zote zimeota Uganda

Fundi Keko:
Gabon haijafa bwana, umeangalia magogo peke yake! Walichozuia ni gogo zima, okoumé, ule mti wao mkuu wa biashara, sasa inachanwa kulekule Nkok, eneo la viwanda nje kidogo ya Libreville, inatoka vinia (zile shiti nyembamba za kubandika), plaiwudi na mbao. Wachina wa magogo wakasogea Kongo Brazzaville. Unatakiwa urudishe kila kitu kwenye gogo kwanza, mi nikipasua mninga karibu nusu inabaki mabanzi na vumbi, ule weupe wa pembeni wote unatupa maana mdudu anaupenda, kwa hiyo kyubiki moja ya mbao hesabu gogo kama kyubiki mbili. Mpingo ndo usiseme, vile vipande vya klarineti hata sehemu ya kumi ya gogo kuipata ni shughuli, nyufa nyufa tupu

Mchana_Mninga:
Aisee nimezidisha mbili zile mbao za Gabon, grafu imenyanyuka balaa. Vinia nayo nazidisha mbili hivyohivyo?

Fundi Keko:
Hapana, vinia inamenywa haipasuliwi, hasara yake ni nyingine. Usiichanganye na mbao