Tandale: fungu la mtaa tujengee zahanati au tununue pampu za kunyonya vyoo?

BintiMzaramo

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo, na wenye utani wa vyoo wautoe sasa hivi tumalizane nao.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa huku Tandale, upande wa bondeni. Kuna fungu dogo la maendeleo, tumeambiwa tupendekeze mradi wa afya. Kwenye kikao karibu wote wakasema zahanati: kiwanja kipo, wananchi watachangia nguvukazi, mheshimiwa atakuja kukata utepe. Nikasimama nikasema zahanati ya serikali tunayo, hata mwenye mtoto mgongoni anafika kwa miguu. Kinachotumaliza ni vyoo. Fungu likanunue pampu za mkono za kunyonyea mashimo na toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu, ya kubebea mapipa, vijana wa mtaa wafanye iwe kazi yao, watu walipe kwa pipa. Ukumbi ukavunjika mbavu. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, umeona wapi mtu akizindua choo?"

Kwa msioijua Tandale ya chini niwachoree. Nyumba ya vyumba saba, kila chumba familia, choo kimoja. Kile kile cha pasipoti saizi, ukichuchumaa salama, ukisimama mtaa mzima unakusalimia. Maji ya ardhini yako juu, ukichimba usawa wa kiuno yanachuruzika, kwa hiyo mashimo yanapandishwa: matairi ya lori yamepangwa moja juu ya jingine, udongo pembeni, ngazi za kupandia. Gari la majitaka haliingii. Linaishia kwenye lami, mpira wake unafika nyumba mbili tatu za mwanzo, sisi wa ndani tunauona kwa macho tu. Na hata ukifika, lile gari linataka kujaza tangi, ulipie tripu nzima mara moja. Nani huku ana hela ya tripu nzima siku choo kinapojaa?

Basi watu wanasubiri masika. Mvua ikishuka ile kubwa ya usiku unasikia nyundo, to, to, to. Mtu anatoboa shimo lake pembeni, anatapisha, maji ya mvua yanabeba kuelekea Mto Ng'ombe. Asubuhi watoto wanavuka uchochoro huo huo kwenda shule, sare zimekunjwa hadi magotini. Kila mtu anajua ni nani, na hakuna anayesema, kwa sababu mvua ijayo ni zamu yake yeye.

Swali langu: nina hoja au nina kichaa? Na aliyewahi kuona mpango kama huu ukifanya kazi au ukifa, anieleze ulivyokwenda.

BwanaAfyaMstaafu

Mwanangu, huna kichaa. Nimezunguka na daftari la ukaguzi wa vyoo jiji hili tangu tukiitwa mabwana afya na watu wakitukimbia, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Dar ilipangwa kwa namna ya kumkinga mtu mmoja dhidi ya mwenzake. Uzunguni kule upepo wa Bahari ya Hindi unakopepea, Uhindini katikati, halafu Uswahilini, na kati ya Uhindini na Kariakoo Waingereza wakaacha uwanja wazi. Ule uwanja wa Mnazi Mmoja mnaofanyia sherehe uliwekwa kama kizuizi, maradhi ya Waafrika yasivuke. Hata hospitali zilifuata mstari huo huo. Wajerumani walijenga ile ya Ocean Road mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu, na sisi wengine tukatibiwa ile iliyojengwa kwa fedha za tajiri Sewa Haji. Mabomba ya majitaka nayo yakafuata wakubwa. Mpaka leo sehemu kubwa ya jiji inategemea shimo. Kwa hiyo mtu asikwambie watu wa Tandale ni wachafu.

La pili. Mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Redio inasoma somo, watu wamekaa vikundi chini ya mwembe, wakimaliza wanakwenda kuchimba choo. Ilifanya kazi kubwa sana. Lakini ile ilikuwa ya vijijini: choo kikijaa unafukia, unapanda mgomba juu yake, unachimba kingine hatua kumi mbele. Tandale hiyo hatua ya kumi ni sebule ya jirani. Sisi maafisa tuliendelea kuhubiri "chimba choo" mjini, mahali ambapo kuchimba kulishaisha na kazi iliyobaki ni kunyonya. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 ipo, na sheria ndogo za halmashauri zina faini zake. Faini hainyonyi shimo. Ukimtoza mtu faini umemchukulia hela ambayo angelipia mapipa mawili.

Wakumbushe pia Agosti 2015. Kipindupindu kilianzia huku huku Kinondoni, kikasambaa mikoa mingi ya nchi. Ilikuwa kiangazi, kwa hiyo asije mtu kukwambia ni mambo ya mvua peke yake.

Mpangaji_Mbishi

Wazo zuri. Nani analipa? Baba mwenye nyumba wangu anakaa Goba. Choo kikijaa anasema "nyinyi ndio mnaokitumia". Kikinyonywa kwa hela yetu anasema nyumba imeboreshwa, kodi inapanda. Msipoliweka hilo mapema pampu zitapata kutu.

Chura_wa_Manzese

Dada, umeniita bila kujua. Mimi nilikuwa chura. Wale wa kuingia shimoni. Watu wanatudharau mchana, usiku wanatupigia simu.

Nikueleze kazi ilivyo ujue unanunua nini. Kwanza unamwaga mafuta ya taa ndani kupunguza harufu. Unabomoa sakafu upande mmoja. Pembeni unachimba shimo jingine, mmoja anaingia la zamani na ndoo, mwingine anapokea anamwaga la jipya, mkimaliza mnafukia. Miguuni mifuko ya plastiki, maana buti la maana huna. Chini kabisa kuna vipande vya chupa, nyembe, sindano. Nina mwenzangu alikatwa unyayo na jeraha lile lilimsumbua mwaka mzima, na hospitali hakusema anafanya kazi gani.

Pampu ya mkono inamtoa mtu shimoni, hilo pekee linatosha kuinunua. Ni bomba refu lenye mpini, unavuta juu unasukuma chini, uji unapanda unaingia kwenye pipa. Ila ujue mambo haya. Takataka ndizo adui: nguo, pedi, nywele za bandia. Lazima muanze na kulabu ndefu kuvua hivyo vitu, na hiyo kuvua inachukua muda kuliko kunyonya. Halafu chini kuna tope gumu, pampu hailioni, mnamwagia maji na kukoroga. Shimo la matairi msilinyonye likabaki tupu kabisa, udongo wa nje unasukuma matairi na choo kinadidimia chote.

Sasa penyewe ni hapa. Mapipa mkishayajaza mnayapeleka wapi? Kutoka Tandale hadi mabwawa ya majitaka ya Vingunguti kwa toyo, na foleni zetu, mafuta yanakula faida yote. Kijana ataanza vizuri wiki mbili tatu, halafu siku moja mvua, amechoka, Mto Ng'ombe uko pale pale. Mtakuwa mmehamisha kutapisha kutoka uchochoroni kwenda mtoni, tena kwa risiti. Upande wa Temeke waliowahi kutumia pampu hizi waliweka mtambo mdogo wa kusafishia karibu na wateja. Nyinyi kama hamna eneo, wekeni tangi karibu na lami, vijana wamwage humo, likijaa gari moja linakuja kubeba lote. Hapo ile tripu nzima inagawanywa kwa nyumba nyingi.

BintiMzaramo

Chura, kaka yangu, hayo ya tangi hakuna aliyeyasema kwenye kikao chetu. Nimeyanakili neno kwa neno.

Mpangaji_Mbishi, nimekusikia. Nafikiria malipo yawe kidogo kidogo kwa chumba kila mwezi, daftari liwe ofisi ya mtaa, na mwenye nyumba asaini kwamba anakata kwenye kodi. Najua atagoma. Lakini wengi wao wanahitaji muhuri wa serikali ya mtaa kwa mambo yao, na muhuri uko kwenye droo yetu. Sisemi zaidi.

Nesi_wa_Zamu

Shikamoo wakubwa. Mimi ni nesi, nimefanya zahanati kadhaa za jiji hili. Dada, pampu nakuunga mkono, lakini usiwacheke wanaotaka zahanati. Hawajui kuieleza tu shida yao.

Zahanati saa tisa na nusu alasiri imefungwa. Mama wa genge, dada wa kiwandani, konda, wote wanarudi nyumbani mlango umeshapigwa kufuli. Mtoto akianza kuharisha saa mbili usiku, ni duka la dawa au bodaboda hadi hospitali. Nimewapokea asubuhi: macho yameingia ndani, ukivuta ngozi ya tumbo inabaki imesimama, mama anasema "aliharisha usiku kucha nikawa nampa chai ya rangi". Pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki vilikuwepo kabatini kwetu muda wote huo.

Na bure yetu ina masharti yake. Kwa sera, mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo hawatakiwi kulipa. Dawa ikiwa imekwisha, mama anapewa karatasi akanunue nje. Hapo bure imeishia kwenye kumuona daktari. Mzee naye anaambiwa alete barua ya mtaa, barua ina "ya soda". Kamati yenu inaweza kuondoa hiyo ya soda kesho asubuhi bila fungu lolote.

Kujenga msijenge. Nchi hii imejaa maboma ya zahanati, kuta zimefika kwenye lenta, miti imeota ndani. Tofali mnaweza kuchanga, lakini mganga, nesi na dawa havitoki kwenye mchango wa mtaa. Ombeni zahanati iliyopo iongezewe saa za jioni. Na ulizeni kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mpango uliozinduliwa 2024: mtaa wenu una nani, anapita nyumba zipi, ana ORS mkobani? Huyo akiwa na pakiti kumi nyumbani kwake, yule mtoto wa saa mbili usiku ana pa kuanzia.

MtuWaMakunduchi

Mie niko Unguja, huo ugomvi wenu wa zahanati siujui, lakini kwenye vyoo nina la kuchangia. Kwetu Makunduchi mwaka 1988 walikuja wataalamu na vichembe vyeupe vya polisterini, kama vile vinavyomwagika kwenye boksi la televisheni mpya. Wakavimwaga mashimoni. Vinaelea juu ya maji tabaka zima, viluwiluwi wa mbu hawapati hewa, wanakufa. Pamoja na dawa za matende walizogawa, mbu walipungua sana na ugonjwa ukashuka. Vichembe vile vilikaa miaka humo, havizeeki. Mashimo yenu yenye maji siku zote ndiyo hasa yanayofaa. Ila fikirini: mkinyonya mtavinyonya navyo, itabidi mmwage tena.

Kijiti_Kavu

Yaani nchi ina bima ya afya kwa wote, sheria imepita 2023, bado tunajadili matairi na mapipa? Kateni bima acheni ushamba.

Nesi_wa_Zamu

Kijiti, bima inakulipia dripu. Choo cha jirani yako hakimo kwenye kitita.

BwanaAfyaMstaafu

Binti, jambo moja la ofisi. Usiende na neno "pampu" peke yake, watakwambia hilo ni la DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka, na si la afya, na faili litalala. Mwite afisa afya wa kata aandike taarifa ya ukaguzi: nyumba ngapi zina vyoo vilivyojaa, ngapi zinatapisha, ngapi gari haliwezi kufika. Takwimu za kuhara azitoe kwenye rejesta ya zahanati yenu, kwa mtaa. Mkae naye mchore ramani ya vichochoro kwa mkono. Diwani akiona nyumba za wapiga kura wake zimetiwa alama nyekundu atakusikiliza. Na kibali cha kunyonya na kusafirisha kitakuwa lazima, vijana wasikamatwe siku ya kwanza.

BintiMzaramo

Asanteni sana, na shikamoo Bwana Afya.

Nitakachopeleka kikao kijacho ni hiki: tangi kwenye ile kona karibu na lami, pampu mbili badala ya nne nilizosema kikaoni, buti na glavu za maana kabla ya toyo, na mkataba na mwenye gari moja wa kubeba kwenda Vingunguti. Barua ya kuomba zahanati ifungwe saa mbili usiku inakwenda siku hiyo hiyo, wale wa zahanati waone nao wamesikilizwa. Ya soda kwenye barua za wazee nitaisema mbele ya mwenyekiti, wacha anune.

Vichembe vya Makunduchi nitavibakiza kwanza, hatujafika huko.

Chura, naomba uje inbox. Nataka uje Jumamosi upite vichochoro na sisi, utuambie kwa jicho lako ni mashimo gani yatadidimia yakinyonywa. Nauli na chakula cha mchana juu yangu, na safari hii unakuja kama fundi, kupitia mlango wa mbele, mchana kweupe. Na kama unajua bei ya ile kulabu ndefu nitajie, maana kwenye makadirio nimeacha nafasi wazi.

Chura_wa_Manzese

Kulabu usinunue dada. Chukua nondo ya milimita kumi na mbili, mpe mchomeleaji, akunje ncha tatu. Nakuja inbox.