Mjadala: Mhudumu wa hospitali aliyekaa karibu na mgonjwa wa kifua kikuu alazimishwe kupimwa?

Mtoa hoja, daktari wa afya kazini

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo hospitali nyingi hulishughulikia kwa mazoea kuliko kwa kanuni. Mgonjwa analazwa katika wodi ya kawaida kwa kudhaniwa ana nimonia, anakohoa usiku na mchana pasipo yeyote kuvaa barakoa ya kuchuja chembe za hewani, na baada ya siku kadhaa majibu ya makohozi yanarudi kutoka maabara yakionyesha kifua kikuu. Yeye atahamishiwa chumba cha peke yake na kuanzishiwa dawa. Swali langu linawahusu waliobaki: je, kila aliyemhudumia alazimishwe kupimwa maambukizi, au aachiwe hiari?

Msimamo wangu ni kwamba hospitali ilazimishwe kutoa vipimo, lakini mhudumu asilazimishwe kuvipokea. Kipimo cha ngozi na kile cha damu havimtafuti mdudu mwenyewe, bali huangalia kama kinga ya mwili imekwisha kumtambua, na utambuzi huo huchukua kati ya majuma 2 na 8 tangu maambukizi ndipo uonekane kwenye kipimo. Kwa hiyo anayepimwa kesho yake hapati habari yoyote kuhusu mgonjwa huyu. Anapata habari za maisha yake ya nyuma. Ndiyo maana kipimo hurudiwa majuma 8 hadi 10 baada ya siku ya mwisho ya kuwa karibu na mgonjwa, na aliyekuwa hasi mwanzoni akawa chanya mara ya pili ndiye tunayeweza kusema kwa uhakika wa kutosha kwamba ameambukizwa karibuni.

Sasa tazameni kipimo cha kwanza kinamtumikia nani. Kikiwa hasi, kinampa mhudumu ushahidi kwamba alichokipata baadaye alikipata kazini. Kikiwa chanya, kinampa mwajiri neno la kusema: ulikuja nacho. Karatasi moja ina mabwana wawili, na mpaka tukubaliane inakaa mikononi mwa nani, kulazimisha ni mapema.

Msimamizi wa udhibiti wa maambukizi

Daktari, kwa heshima, hiari umeipa uzito usioistahili mahali palipo na wagonjwa dhaifu. Katika kazi yangu, watu ninaowakosa kwenye kipimo cha pili mara nyingi ni walewale walioshinda kando ya kitanda cha mgonjwa. Miezi miwili ni mirefu: zamu zimebadilika, wengine wako likizo, hofu imepoa, na hakuna anayejisikia vibaya.

Isitoshe, matokeo hayamhusu mhudumu peke yake. Wauguzi wanne wa wodi moja wakigeuka kutoka hasi kuwa chanya, hiyo ni taarifa kuhusu hewa ya wodi. Huenda madirisha hayafunguliwi usiku, huenda feni inasukuma hewa kutoka kwa mgonjwa hadi meza ya wauguzi, huenda wanaokohoa hawatengwi mapema. Watumishi wakikataa kupimwa, taarifa hiyo siipati, na mgonjwa wa kesho atalikuta tatizo lilelile. Watoto wachanga, wanaotibiwa saratani na wanaoishi na VVU hawakuchagua nani awahudumie.

Mwakilishi wa wafanyakazi

Hoja ya kuwalinda wagonjwa imeunganisha mambo mawili yasiyofanana. Mwenye maambukizi fiche, yaani vimelea vimo mwilini lakini vimedhibitiwa, hamwambukizi mtu na hakuna sababu ya kumwondoa kazini. Anayeambukiza ni mwenye ugonjwa uliokwisha kuamka mapafuni, na kipimo cha ngozi hakiwezi kumtenganisha na yule wa kwanza. Huyo hutambuliwa kwa kuulizwa kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito, kisha kwa eksirei na makohozi. Maswali hayo yawe lazima kwa kila mtu. Wanachama wangu hawatapinga.

Wanachokiogopa ni fomu. Nimewahi kuishika moja iliyokuwa na kisanduku cha hali ya VVU chini tu ya jina na namba ya ajira, na maelekezo yake yalisema irudishwe kwa kiongozi wa wodi. Najua sababu za kitabibu za kuuliza: VVU huongeza sana uwezekano wa maambukizi kuamka, na huweza kukifanya kipimo kionyeshe hasi kwa mtu aliyeambukizwa. Lakini hayo ni mazungumzo ya mtu na daktari wake, mlango ukiwa umefungwa. Mkilazimisha kipimo kupitia fomu ya namna hiyo, mtapata watu wengi wenye likizo ya dharura siku ya kupimwa.

Mtaalamu wa maabara

Naomba niongeze la kiufundi, maana naona mnazungumza kana kwamba chanya ni kitu kimoja. Kipimo cha ngozi ni sindano ya mililita 0.1 inayoingizwa ndani ya ngozi ya mkono, na husomwa kati ya saa 48 na 72. Msomaji hapimi wekundu. Hupapasa ukingo wa uvimbe mgumu kwa ncha ya kidole, huuwekea alama ya kalamu pande zote mbili, kisha hupima kwa rula upana unaoukata mkono, si ule unaoufuata. Kwa aliyekuwa karibu na mgonjwa hivi karibuni, milimita 5 huhesabiwa kuwa chanya. Kwa mhudumu anayepimwa kwa utaratibu wa kawaida, kiwango kinachotumika sana ni milimita 10. Uvimbe uleule wa milimita 7 una majibu mawili, kutegemea sababu ya kupimwa. Zaidi ya hapo, chanjo ya BCG, ile ya kukinga kifua kikuu, inaweza kuleta chanya isiyo na maambukizi nyuma yake.

Kipimo cha damu hakichanganywi na BCG wala hakimdai mtu arudi kusomewa, lakini majibu yaliyo karibu na mpaka huweza kugeuka, leo chanya, baadaye hasi, bila mtu kuambukizwa wala kupona. Hilo lilionekana Marekani, ambako kwa miaka mingi watumishi wengi wa afya walipimwa kila mwaka. Mwaka 2019 mapendekezo mapya ya CDC, taasisi ya nchi hiyo ya kudhibiti magonjwa, yaliacha kipimo cha kila mwaka kwa wote pasipokuwa na mgonjwa aliyejulikana wala maambukizi yanayoendelea, yakabakiza kile cha kuanzia ajira na kile cha baada ya tukio kama hili tunalolijadili. Hospitali yenye majibu ya siku mtu alipoajiriwa imekwisha kupunguza nusu ya ugomvi wa daktari, kwa sharti kwamba aina ya kipimo haibadilishwi katikati.

Daktari wa wodi ya mapafu

Mnaongea kama watu ambao wengi wao ni hasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban robo ya watu duniani wameambukizwa, na mahali penye ugonjwa mwingi mtumishi aliyefanya kazi wodini kwa miaka huenda alishakuwa chanya zamani. Aliyekuwa chanya hana faida ya kurudiwa, kwa kuwa kipimo hakitofautishi maambukizi ya jana na ya utotoni. Kwake kilichobaki ni kufuatiliwa dalili na, akiwa na hali inayodhoofisha kinga, kufikiriwa upya kuhusu tiba kinga, yaani dawa za kuzuia maambukizi fiche yasigeuke ugonjwa.

Na kabla ya kumpima yeyote, jiulizeni mtampa nini akiwa chanya. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 ndio wanaougua maishani, lakini hatari hiyo imelundikana katika miaka ya mwanzo, na ndiyo sababu aliyegeuka karibuni anastahili tiba kinga kuliko wengi. Isoniazidi kila siku kwa miezi 6 au 9 huwashinda wengi. Leo kuna isoniazidi na rifapentini mara moja kwa juma, jumla dozi 12, na kuna rifampisini ya miezi 4. Zote zinahitaji jicho kwenye ini na mazungumzo ya kweli kuhusu pombe na dawa nyingine anazotumia mtu. Kama vimelea vya yule mgonjwa ni sugu kwa rifampisini, dozi hizo zote hazifai kutegemewa, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza levofloksasini kwa miezi 6 kwa waliokuwa karibu na mgonjwa wa aina hiyo. Hivyo majibu ya usugu yawafikie watumishi, bila jina la mgonjwa kutajwa. Hospitali inayolazimisha kipimo huku haina dawa hizi kwenye stoo yake inakusanya hofu tu.

Mfanyakazi wa usafi

Mimi naomba kwanza niwemo kwenye orodha. Huwa inaandikwa kutoka ratiba ya zamu ya wauguzi, na sisi tuko chini ya mkandarasi. Nilipiga deki chumba hicho kila asubuhi, nikabadilisha mashuka yaliyokoholewa, na habari niliipata kwa aliyebeba chakula.

Mtoa hoja

Ndugu, umesema lililopaswa kuwa swali la kwanza. Orodha iandikwe kwa kuangalia nani alipumua hewa ya chumba kile, kwa muda gani, na chumba kilikuwa na hewa ya aina gani, bila kujali mshahara unatoka kwa nani. Aliyekuwepo wakati wa kumwekea mgonjwa mpira wa kupumulia au kumkohoza kwa ajili ya sampuli aingie hata kama alikaa muda mfupi.

Kwa msimamizi, takwimu za wodi nakupa: kliniki ya afya kazini ikuletee idadi ya waliogeuka, majina yabaki kliniki. Tarehe ya kipimo cha pili iandikwe kwenye ratiba siku ileile ya kwanza, ndani ya saa za kazi. Kifua kikuu kimo katika orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010, kwa hiyo aliyekataa kipimo cha kwanza, akawa chanya cha pili, asinyimwe fidia kwa sababu ya kukataa pekee.

Msimamizi wa udhibiti wa maambukizi

Idadi bila majina naipokea, na orodha ya wafanyakazi wa mkandarasi nitaidai. Hilo la fidia silikubali. Anayekataa kipimo cha kwanza anaondoa ushahidi pekee ambao ungetuonyesha maambukizi ni ya lini, kisha mzigo wa kuthibitisha unahamishiwa kwa hospitali ambayo haikuwa na ruhusa ya kumpima. Andikeni kanuni inayosema kwamba aliyepewa nafasi kwa maandishi akakataa kwa maandishi atathibitisha mwenyewe, nami nitaacha kudai ulazima.

Mwakilishi wa wafanyakazi

Na aliyekataa kwa sababu majibu yangepitia kwa kiongozi wa wodi, naye athibitishe mwenyewe? Leteni kwanza kanuni ya kliniki kutunza majibu, iwe imeanza kutumika, ndipo tuzungumzie sahihi ya kukataa.