Tupeane uzoefu: masaa ya kazi, pesa ya nyumba na pesa ya watoto (Lubumbashi)

Karani wa Kamalondo
Jambo yenu. Kila mwisho wa mwezi swali ni lile lile, zaidi kwa wanaofanya kazi kwenye kampuni ndogo zinazotumikia migodi: masaa yamepanda, mbona pesa ya nyumba haijasogea? Wenye kujua hesabu waandike na tarakimu. Habari za nani alifukuzwa na nani tuziache kando.

Yaya Mhasibu
Haisogei kwa sababu sheria ya kazi ya Kongo (DRC) ya 2002 haiihesabu kuwa mshahara. Nyumba, usafiri, matibabu na posho ya watoto vyote viko nje. Masaa yanazidisha mshahara wa msingi peke yake.

Mpaka wa kisheria ni masaa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. 45 mara wiki 52, gawanya kwa 12, unapata masaa 195 kwa mwezi. Gawanya mshahara wa msingi kwa 195, hiyo ndiyo bei ya saa yako. Masaa 6 ya kwanza yanayopita 45 yanaongezewa 30%, yanayofuata 60%, na kazi ya siku ya mapumziko 100%.

Sasa mtu wa faranga 780,000 za msingi: saa ni 4,000. Wiki ya masaa 53 inampa 6 × 5,200 na 2 × 6,400, jumla 44,000 juu ya mshahara. Mwingine ameandikiwa 600,000 za msingi na 180,000 za nyumba. Jumla ni ile ile, lakini saa yake inashuka hadi 3,077, na wiki hiyo hiyo inamletea karibu 33,850. Zaidi ya faranga 10,000 zimepotea kwa wiki moja, na fishi (karatasi ya mshahara) inaonekana safi kabisa.

Hiyo 180,000 haikuchaguliwa ovyo. Ni 30% ya 600,000, kiwango ambacho kodi ya mapato haiigusi pesa ya nyumba. Kwa hiyo mfukoni leo unapata zaidi kidogo. Ila mchango wa pensheni kwa CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) ni 10% (5% yako, 5% ya mwajiri) juu ya mshahara: 60,000 badala ya 78,000 kila mwezi. Kwa kijana inaweza kuonekana si kitu. Mwenye miaka 50 asikubali mgawanyo huo bila kubishana.

Mwana Katuba
Na kibarua wa siku je? Huyo hana hata mstari wa nyumba.

Enspekta Mstaafu
Mdogo wangu, kibarua ahesabu siku kwanza, masaa baadaye. Akishafikisha siku 22 ndani ya miezi 2, kisha akaitwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, kazi mpya inahesabiwa kuwa kontra (mkataba) isiyo na mwisho. Ndiyo maana baadhi ya wakubwa wanakusimamisha siku ya 21 halafu wanakurudisha miezi hiyo miwili ikishaisha. Wengine wanabadilisha jina la kampuni kwenye listi, shefu akiwa yule yule na kofia ile ile. Piga picha ya listi ya mahudhurio kila wiki, jina la kampuni na sahihi ya shefu vionekane. Bila kontra ya maandishi, sheria inachukulia kwamba ni ya kudumu mpaka mwajiri aonyeshe kinyume.

Kuhusu nyumba tuseme wazi: sheria inamlazimisha mwajiri akikuajiri kutoka mahali pengine, au akikuhamisha, tuseme Lubumbashi kwenda Kolwezi. Aliyeajiriwa hapa hapa aangalie kontra yake na mapatano ya kampuni na wafanyakazi. Kama hayasemi kitu, usiende kudai kwa sauti kubwa.

Mama Bel-Air
Na mtu akiugua?

Yaya Mhasibu
Mama, mshahara unashuka hadi theluthi mbili, posho ya watoto inabaki nzima. Wakikata posho pamoja na mshahara, hilo ni kosa la kompyuta ya biro au ni makusudi. Uliza kwa barua. Mwenye mimba ana wiki 14, naye kwa theluthi mbili. Aktu (vyeti) za kuzaliwa za watoto ziwe kwenye faili mapema, maana mtoto asiyeandikwa halipiwi.

Enspekta Mstaafu
Barua isipojibiwa, nenda ukaguzi wa kazi na kontra, fishi, picha za listi na aktu. Mkaguzi anaita pande zote mbili, kisha anaandika PV (hati rasmi ya kikao) ya mapatano au ya kutopatana. Bila PV, mahakama ya kazi haipokei. Madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka 1 tangu siku ulipopaswa kulipwa, mengine mengi baada ya miaka 3. Masaa ya ziada ni mshahara, kwa hiyo msingoje.

Karani wa Kamalondo
Aksanti wazee. Mwenye mfano wa fishi aandike mistari yake hapa, afute jina lake na la kampuni.