Naomba ushauri: umeme wa sola wa mbali upite nyaya za manispaa hadi kwetu (Afrika Kusini)

Samaki_Barafu (mleta uzi)
Habari za humu wakuu. Niko Gauteng, nasimamia uendeshaji kwenye kampuni ya kuhifadhi samaki wa kugandisha. Kompresa zetu zinanguruma usiku na mchana, na bili ya umeme imeshakuwa mzigo wa pili baada ya mishahara.

Kuna kampuni imetufuata. Ina shamba la sola Northern Cape. Wanasema wataingiza umeme wao kwenye gridi ya Eskom, shirika la umeme la taifa, utapita nyaya za manispaa hadi kwetu, na tutaokoa asilimia 15. Mkataba ni wa miaka 10.

Tatizo ni manispaa. Nikienda idara ya umeme naambiwa nenda fedha. Fedha wananiambia sera bado iko kwa madiwani. Hakuna anayekataa na hakuna anayekubali. Mwenye uzoefu wa kupitisha umeme wa mtu wa tatu kwenye nyaya za manispaa anisaidie: nifanye nini ili hawa watu wasogee? Kusema kweli usingizi umenipaa.

Mwana_wa_Pangani
Pole mkuu. Mimi swali langu dogo tu: huo umeme wa sola ukifika Gauteng utautambuaje ndani ya nyaya zilizojaa umeme wa makaa ya mawe? Wameupaka rangi?

fundi_mita
Mwana_wa_Pangani, hautambuliki na hauhitaji kutambulika. Ni kama kuweka hela benki Mwanza na mwenzako akatoa Dar: noti anazopokea si zile ulizoweka. Anachosafirisha mleta uzi ni hesabu. Shamba la sola linapimwa kila nusu saa kiasi kilichoingia, yeye anapimwa kila nusu saa kiasi alichotumia, halafu hesabu mbili zinalinganishwa.

Shida inaanzia hapo. Eskom inaiuzia manispaa umeme wa jumla. Uniti za sola zikiingia, Eskom inapunguza bili ya manispaa, tena kwa bei ya jumla. Manispaa nayo inatakiwa impunguzie mteja bili yake na kubaki na tozo ya kutumia nyaya pamoja na fidia ya umeme unaopotea njiani. Sasa manispaa nyingi bei yao ni donge moja: umeme, nyaya, upotevu na ziada ya kuendesha mji vyote vimefinyangwa humo humo. Ukiwauliza nyaya peke yake ni senti ngapi, hawana jibu, kwa sababu hawajafanya uchambuzi wa gharama. Hadi mahakama ya Pretoria iliingilia kati mwaka 2024, ikasema NERSA, mdhibiti wa nishati, isipitishe bei za manispaa zisizo na uchambuzi huo.

Kwa hiyo wanaokuzungusha huenda hawana roho mbaya. Wanaogopa kupoteza mapato ambayo hawajui hata ni kiasi gani.

Mkuu, nijibu matatu. Manispaa yenu inadaiwa na Eskom? Mnatozwa bei ya aina gani? Na je, mmeshasaini chochote?

Bi_Mkunazini
Mada ya umeme unaotoka mbali mimi inanigusa moyoni. Sisi Unguja umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka bara. Waya ulipoharibika Desemba 2009 tulikaa gizani hadi Machi 2010. Hoteli zikaendeshwa kwa majenereta, maji yakawa ya kuteka kwa sababu pampu hazina umeme, na marehemu mama yangu alikuwa anauza barafu, biashara ikafa palepale, haikuinuka tena. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013. Kwa hiyo mwanangu, ukiwa na samaki, usijali sola wala mkataba. Nunua jenereta nzuri kwanza.

Samaki_Barafu
Shukrani Bi Mkunazini, poleni sana. Jenereta tunayo, dizeli ndiyo inatumaliza. Na hiyo nayo ni sababu moja ya kutaka huu umeme: tukiwa na umeme wetu wenyewe, mgao ukirudi hautatugusa.

Fundi, ndiyo, manispaa inadaiwa na Eskom, hilo liko kwenye magazeti kila wiki.

Mzee_Kifimbo
Vijana mnapenda mteremko. Asilimia 15 imewapofusha. Enzi zetu mtu akitaka kupunguza bili alizima taa. Mmekagua raba za milango ya majokofu? Mlango ukivuja baridi, hata umeme wa bure hautakutosha. Nidhamu kwanza.

fundi_mita
Mzee Kifimbo ana hoja kwenye raba, ila hilo si swali la uzi.

Samaki_Barafu, ondoa kabisa hilo la mgao kichwani. Waya unaoingia kwenu ni ule ule. Manispaa ikikata laini ya mtaa wenu, unakatika na wewe, hata kama jua Northern Cape linawaka na mkataba uko mezani. Aliyekuambia vinginevyo amekudanganya. Isitoshe, mgao ulisimama Machi 2024 na haukurudi hadi mwisho wa Januari 2025. Katika kipindi hicho chote mitaa iliendelea kukatika kwa transfoma na nyaya mbovu za manispaa, na mkataba wako hautengenezi transfoma.

Deni nalo si jambo la pembeni. Madeni ya manispaa kwa Eskom yalikuwa yamepita randi bilioni 74 ilipofika Machi 2024. Manispaa yenye deni ikipunguziwa na Eskom, punguzo linaingia kwenye shimo la deni. Yenyewe haishiki hela yoyote mkononi, na wewe unaidai ikulipe. Unaona kwa nini fedha hawakupi jibu?

Na maswali mawili umeyaruka.

Nyaya_Ndefu
Niko Nairobi. Huku sheria ya nishati ya 2019 inaruhusu wengine kupitisha umeme, lakini nyaya za usambazaji karibu zote ni za Kenya Power, kwa hiyo unabishana na mlango mmoja. Afrika Kusini katiba yenyewe imewapa manispaa kazi ya kusambaza umeme. Kila manispaa ina bei yake, sera yake na fomu zake. Nelson Mandela Bay walianza zamani kabla ya wengine, Cape Town wakafanya majaribio, na kuna ambazo hazijaandika hata ukurasa mmoja. Usidhani kilichofanyika Cape Town kitafanyika kwenu.

Nami narudia swali la fundi: mmesaini?

Samaki_Barafu
Wakuu, nilitaka tubaki kwenye swali la manispaa. Lakini sawa. Ndiyo, bosi alisaini mwaka jana. Kuna kipengele kwamba kuanzia tarehe fulani uniti tulizokubaliana tutazilipa, tuzitumie tusizitumie.

Kabla hamjanishambulia, tazameni upande wetu. Eskom ilipandisha asilimia 18.65 mwaka wa fedha 2023/24, halafu 12.74, halafu 12.74 tena. Bei ya hawa wa sola inapanda na mfumuko wa bei tu. Sheria iko upande wetu: kikomo cha kuzalisha umeme bila leseni kilipandishwa hadi megawati 100 mwaka 2021, kikaondolewa kabisa 2023, na sheria mpya ya umeme imeanza Januari 2025. Nchi nzima inaelekea huko. Anayesubiri manispaa zote ziwe tayari atasubiri hadi azeeke. Mimi naona uamuzi wetu ni sahihi, imebaki karatasi tu.

Mama_Wawili
Karatasi tu? Kaka, umesaini kulipia mzigo kabla mwenye barabara hajakubali upite! Mimi si mtaalamu wa umeme ila nimefanya biashara. Mume wangu aliwahi kulipia kontena…

fundi_mita
Mama Wawili, ya kontena tutakusikiliza baadaye, samahani dada. Samaki_Barafu, jibu la bei. Kwenye bili mnatozwa kwa saa za kilele, kawaida na nafuu, au vipi? Sola inazalisha mchana. Majokofu yenu yanakula usiku pia. Kilele cha jioni, hasa majira ya baridi, Juni hadi Agosti, ndipo umeme wa Eskom ni ghali kuliko wakati wote, na saa hizo sola imelala. Bila kujua mgawanyo huo, hiyo asilimia 15 ni hewa.

Samaki_Barafu
Bili yetu haina mambo hayo. Ni bei moja kwa uniti, saa zote, na ada kidogo ya huduma chini.

Pima_Maneno
Hapo hapo simameni. Hii ni chai.

Ghala la samaki lenye kompresa za usiku na mchana, ndani ya Gauteng, litozwe bei moja saa zote kama duka la mangi? Halina tozo ya kVA, yaani ya mzigo wake wa juu kabisa wa umeme? Mteja mkubwa wa manispaa hatozwi hivyo. Nimefanya kazi ya bili Durban, najua ninachosema. Na mnaona jinsi anavyotetea kampuni ya sola? "Nchi nzima inaelekea huko", "uamuzi wetu ni sahihi". Huyu ndiye dalali wa hao watu, anapima upepo apate maneno ya kuwajibu wateja.

Mwana_wa_Pangani
Chai ya rangi au ya maziwa? Nami nilianza kushangaa. Mtu hajalala lakini takwimu anazo zote.

Mzee_Kifimbo
Nilisema mapema. Uongo una miguu mifupi.

Bi_Mkunazini
Mnamwonea. Mtu mwongo hajali wanaomsimulia habari za mama zao. Yeye alinipa pole.

Samaki_Barafu
Nimeumia kwa kweli. Nimekuja hapa na tatizo la watu 40 wanaotegemea kazi, naitwa dalali. Hii hapa bili, nimefuta majina, nainakili kama ilivyo:

"Kitengo 7. Usomaji uliopita, usomaji wa sasa, tofauti, bei kwa uniti. Ada ya usimamizi wa mita. Lipa pamoja na kodi ya pango."

Haya, dalali gani ana bili hii?

fundi_mita
Pima_Maneno, ulikuwa sahihi kwamba kuna kitu hakikai sawa, ila si chai. Soma mstari wa mwisho. "Lipa pamoja na kodi ya pango." Hii si bili ya manispaa. Ni bili ya mwenye yadi.

Mkuu, ninyi ni wapangaji?

Samaki_Barafu
Ndiyo, tumepanga kwenye yadi ya viwanda. Mwenye yadi ana mita kubwa mlangoni, sisi na wenzetu tuna mita ndogo. Sikuona kama ni jambo la kutaja, maana umeme ni wa manispaa ule ule. Na mwenye yadi tumezungumza naye, amesema hana neno.

Pima_Maneno
Basi nafuta kauli ya dalali, ndugu yangu, nisamehe. Lakini hili ni zito kuliko uongo. Sasa naelewa kwa nini fedha hawakujibu: wakitafuta jina la kampuni yenu kwenye mfumo hawalioni. Kwa manispaa ninyi si wateja. Hakuna akaunti ya kuingiza punguzo.

fundi_mita
Ndivyo. Punguzo, kama litakuja, litaingia kwenye akaunti ya mwenye yadi. Mita yake ndiyo inayosomwa kila nusu saa, na ndani yake kuna matumizi ya wapangaji wote. Yeye ndiye anayetakiwa kurekebisha mkataba wake na manispaa. "Hana neno" ya mdomo haina mahali pa kukaa katika hayo yote.

Fungua mkataba wa sola, tafuta masharti ya kutimizwa kabla haujaanza kufanya kazi. Kwa kawaida yapo. Tunakilie.

Samaki_Barafu
Yapo. Kipengele cha nne kinasema mnunuzi atapata "idhini ya maandishi ya msambazaji na ya mwenye akaunti ya umeme ya eneo". Kisha kuna cheti cha kuthibitisha kwamba masharti yote yametimia. Wameshatuletea, wanataka kisainiwe Ijumaa. Wanasema ni utaratibu tu, manispaa itafuata yenyewe.

fundi_mita
USISAINI HICHO CHETI. Wala bosi wako asikiguse. Hadi kisainiwe, saa ya kulipia uniti haijaanza. Kikisainiwa, mnalipa kwa miaka 10, manispaa isogee isisogee. Mpeni mwanasheria mkataba leo, akaangalie pia tarehe ya mwisho ya masharti: ikipita bila kutimizwa, huenda mkatoka salama. Na mwandikie mwenye yadi, ajibu kwa maandishi.

Mama_Wawili
Kabisa. Kontena letu lilinasa kwa saini ya aina hiyo hiyo.

Samaki_Barafu
Nimemwandikia mwenye yadi na amejibu. Yuko tayari kusaini idhini. Masharti yake: mita ndogo itaendelea kutozwa kama kawaida, na punguzo likiingia kwenye akaunti yake atatugawia nusu, kwa sababu usumbufu ni wake. Bosi anasema nusu si haba, tuanze nayo. Mimi pia naona ni mwanzo. Au?

fundi_mita
Piga hesabu na bosi wako, taratibu. Mwenye yadi mnamlipa kila uniti iliyosomwa kwenye Kitengo 7. Wa sola mnamlipa uniti zilezile kwa mara ya pili. Kinachorudi ni nusu ya punguzo, na punguzo lenyewe manispaa imeshakata nyaya na upotevu. Ili msipate hasara, hiyo nusu ingepaswa kuwa kubwa kuliko bei yote ya sola. Andika namba zako halisi hapa kabla ya Ijumaa, tuzijumlishe pamoja.