Nimeambiwa nipunguze nyama, dada yangu anataka niache kabisa. Tujadili afya

Asiyelala:
Wakuu, salaam. Wiki tatu zilizopita niliamka usiku wa manane kidole gumba cha mguu kinawaka kama kimewekewa kaa la moto. Hata shuka likikigusa, machozi. Vipimo vikaonyesha asidi ya yuriki iko juu. Ni jongo. Daktari akaniambia nyama nyekundu nipunguze, maini na figo niache, pombe nisiguse, maji ninywe kwa wingi. Hakusema niache nyama zote. Lakini dada yangu, ambaye ana miaka sita hajaonja nyama, anasema nikibakiza hata kipande kimoja nitakuwa najidanganya. Nauliza kwa nia njema: mtu anayetafuta afya tu, tuweke pembeni dini na huruma kwa wanyama, akiacha kabisa anapata nini ambacho aliyepunguza hakipati?

Mla Vyote:
Pole sana mkuu, jongo si mchezo. Ila dada yako anakupotosha. Simama mbele ya kioo, fungua mdomo, tazama hayo meno ya chonge. Hayo ni ya kuchania nyama. Mungu angetaka tule mboga tupu angetupa matumbo manne kama ng'ombe. Halafu maharage ndiyo yanayopandisha jongo, kila mzee anajua. Ukikimbilia huko utakuwa umeruka majivu ukakanyaga moto. Na wasiokula nyama ninaowafahamu mimi wote wamepauka, wakipanda ngazi wanahema.

Mama Pacha:
"Wamepauka." Nimelisoma hilo neno mara tatu kabla ya kuandika. Kaka, mimi nina miaka 11 bila nyama. Nimebeba mimba ya mapacha bila nyama, nimewanyonyesha wote wawili. Umeniona wapi ukajua napauka na kuhema? Sema unaipenda nyama, tutakuelewa. Lakini usichore watu usiowajua kama maiti zinazotembea.

Msomi wa Jioni:
Hilo la maharage na jongo lisipite hivi hivi, maana mwenye mada ni mgonjwa na anaweza kulifuata. Mwaka 2004 ulitoka utafiti mkubwa Marekani, wanaume zaidi ya 47,000 wakafuatiliwa miaka 12. Waliokula nyama kwa wingi na vyakula vya baharini walipata jongo zaidi. Mboga na jamii ya kunde zenye purini nyingi, yaani kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya yuriki, hazikuongeza hatari. Maziwa yaliipunguza, hasa yale yasiyo na mafuta mengi. Watafiti haohao mwaka huohuo walionyesha kuwa bia inaongeza. Kwa hiyo Asiyelala, maharage yako kula. Bia ndiyo uiogope.

Mla Vyote:
Msomi, mimi nimeona kwa macho yangu watu wakila maharage usiku na asubuhi mguu umevimba. Hilo la chonge mbona mnalikwepa?

Kijana wa Mto:
Hatulikwepi. Kiboko ana chonge zinazofika nusu mita, na chakula chake ni nyasi. Kwa hesabu yako kiboko angekuwa mfalme wa mabucha.

Mla Vyote:
Kiboko anatumia chonge kupigana, kila mtu anajua.

Kijana wa Mto:
Basi umejijibu mwenyewe. Kuwa na chonge hakukuambii mnyama anakula nini. Sokwe mkubwa wa milimani naye ana chonge za kutisha, na siku nzima anatafuna majani na mashina.

Mfugaji:
Nisahihishe kidogo kwa sababu ng'ombe ni kazi yangu. Hana matumbo manne. Ana tumbo moja lenye vyumba vinne, na kile cha kwanza kimejaa bakteria wanaoyavunja majani. Bakteria hao ndio wanaotengeneza vitamini B12, mradi malisho yawe na madini ya kobalti. Yasipokuwepo, ng'ombe anakonda majani yakiwa mbele yake. Sisi hatuna chumba hicho. B12 tunaipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, au kwenye vidonge na vyakula vilivyoongezewa. Hapo ndipo mjadala unapotakiwa kuwa, chonge tuziache.

Mla Vyote:
Asante Mfugaji, umewamaliza. Na kuhusu kiboko, Kijana wa Mto asome vizuri. Kuna viboko wameonwa wakila mizoga.

Kijana wa Mto:
Wameonwa, ndiyo, kwa nadra sana, ndiyo maana watafiti wakaandika. Mtu akionwa mara moja anakula udongo utasema binadamu anaishi kwa udongo?

Mla Vyote:
Sokwemtu je? Mtafiti Jane Goodall aliwaona mwaka 1960 wakila nyama, na baadaye ikajulikana wanawinda mbega kwa kushirikiana. Hao ndio ndugu zetu wa karibu, si kiboko.

Kijana wa Mto:
Na sehemu kubwa ya chakula cha sokwemtu ni matunda. Nyama ni kidogo mno. Ukitaka kumfuata, mfuate wote.

Asiyelala:
Ndugu zangu, nashukuru kwa elimu ya wanyama. Swali langu bado: kupunguza au kuacha?

Dada wa Bustani:
Kuacha! Shirika la Afya Duniani lilishatangaza kwamba nyama ni sawa na sigara. Iko kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani, pamoja na tumbaku. Mtu akikwambia upunguze sigara badala ya kuacha, utamwona ni daktari huyo?

Msomi wa Jioni:
Dada, umechanganya mambo mawili, na ni kosa linalorudiwa kila siku. Oktoba 2015 taasisi ya saratani ya shirika hilo iliziweka nyama za kusindikwa, yaani soseji, bekoni na jamaa zake, kundi la kwanza. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa 2A, maana yake huenda inasababisha. Makundi hayo yanapima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Mvuta sigara hatari yake ya saratani ya mapafu inapanda mara 15 hadi 30. Huwezi kuziweka kwenye mizani moja.

Dada wa Bustani:
Asilimia 18 kwako ni kidogo? Mjomba wangu alifariki kwa saratani ya utumbo. Alikuwa anakula soseji kila asubuhi tangu nikiwa mdogo. Mimi nilikuwa nabadilisha mashuka yake. Usinisomee mizani.

Msomi wa Jioni:
Pole dada, kwa moyo wangu wote. Sikusema soseji ni salama. Hizo mimi mwenyewe nimeziacha. Nilichopinga ni kumtisha mgonjwa kwamba kipande cha nyama ni sigara.

Mfugaji:
Na mimi nipinge kufanya kila mfugaji muuaji. Soseji ya kiwandani na nyama freshi iliyochemshwa ni vitu viwili.

Dada wa Bustani:
Nani kakuita muuaji?

Mfugaji:
Umesema kazi yangu ni sawa na kuuza sigara. Nimesomesha watoto kwa kazi hiyo.

Mzee wa Hekima:
Tulieni wanangu. Mwenye swali anastahili jibu. Kuna utafiti wa Wasabato wa Marekani na Kanada, ulitolewa 2013, watu zaidi ya 73,000. Wasiokula nyama walikufa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 12 kuliko wanaokula.

Mla Vyote:
Mzee wangu, shikamoo. Lakini Wasabato hawavuti sigara wala hawanywi pombe. Ndiyo sababu wanaishi sana, si mboga.

Mzee wa Hekima:
Marahaba. Hao walilinganishwa na Wasabato wenzao wanaokula nyama, hawakulinganishwa na walevi. Wote kanisa moja, wengi wao hawavuti wala hawanywi. Na sikiliza hili, maana ndilo linalomhusu Asiyelala: waliofanya vizuri kuliko wote si walioacha kila kitu. Ni wale wanaokula samaki bila nyama. Wao walikuwa chini kwa asilimia 19.

Mla Vyote:
Basi samaki ni nyama. Tumeshinda.

Dada wa Bustani:
Tangu lini samaki akawa nyama? Huko mwanzo ulitetea chonge na mbega, leo unavua.

Kijana wa Mto:
Na Asiyelala ana jongo, samaki wengine wana purini nyingi. Msimpeleke baharini bila kumwambia.

Msomi wa Jioni:
Kweli, hilo nalo. Dagaa na samaki wadogo wa makopo awe nao makini. Na kwa haki, upande wa mboga usikae kifua mbele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wamewafuatilia watu zaidi ya 48,000 Uingereza, wakatoa matokeo 2019. Wasiokula nyama walikuwa na ugonjwa wa moyo pungufu kwa asilimia 22, ila kiharusi kilizidi kwa asilimia 20. Ukihesabu vichwa, katika kila watu 1,000 kwa miaka 10 ni wagonjwa 10 pungufu wa moyo na watatu zaidi wa kiharusi. Mwaka uliofuata wakaonyesha kuwa wasiogusa hata maziwa na mayai wanavunjika mifupa zaidi, hasa nyonga.

Mla Vyote:
Umetaja nyonga. Ngoja niseme kwa nini nimekuwa mkali humu.

Mama yangu ana miaka 74. Miaka miwili iliyopita mtu mmoja wa familia alimshawishi kuwa mboga tupu zitamtibu kisukari. Akaacha nyama, akaacha mayai, maziwa akasema yanamletea makohozi. Sukari ilishuka kweli, sikatai. Lakini alikonda hadi mikono ikawa kama ya mtoto. Mwaka jana akaanguka bafuni, nyonga ikavunjika. Sasa anatembea kwa fimbo, na anasema nyayo zimekufa ganzi, kana kwamba anakanyaga pamba. Kila nikisikia mtu anasema acha kabisa, acha kabisa, namwona mama yangu pale sakafuni. Mniwie radhi kwa neno la kupauka. Lakini hasira yangu ina chanzo.

Mama Pacha:
Kaka, soma hapa taratibu. Hiyo ganzi ya nyayo naijua.

Sikuwaambia yote. Mwaka wa nne bila nyama, kabla ya mapacha, vidole vya miguu vilianza kuwasha kama sindano, kisha vikafa ganzi. Nikawa nasahau majina ya watu. Niliambiwa ni uchovu. Damu ilipopimwa wingi wake haikuonyesha shida, kwa sababu nilikuwa nakula majani ya kijani kwa wingi, na foleti, vitamini iliyomo kwenye majani hayo, ikizidi inaweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Daktari mmoja kijana ndiye aliyeagiza B12 ipimwe. Ilikuwa chini kabisa. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana miaka ya mwanzo nilijiona mzima na kuwahubiria wengine. Nikachomwa sindano. Ganzi ilipungua polepole, kidole kidogo cha kushoto hakijarudi mpaka leo.

Bado sili nyama. Natumia vidonge vya B12 bila kukosa. Maharage naminyia limau ili madini ya chuma yaingie mwilini, na chai nainywa saa moja baadaye kwa sababu inayazuia. Neno lako liliniuma kwa sababu kuna wakati lilikuwa kweli, na sikutaka uwe wewe wa kuniambia.

Mla Vyote:
Dada yangu, sikujua. Mama tuliambiwa ganzi ni ya kisukari tu, akapewa dawa za maumivu.

Mama Pacha:
Inaweza kuwa ya kisukari. Inaweza kuwa B12. Zinafanana sana na zinaweza kuwepo zote mbili. Dawa yake ya sukari ni ipi?

Mla Vyote:
Metformini. Anameza kwa miaka tisa sasa.

Msomi wa Jioni:
Metformini ikitumika miaka mingi inashusha B12. Hiyo imethibitishwa. Na mtu mzima wa umri huo asidi ya tumbo huwa imepungua, kwa hiyo hata akila nyama B12 iliyomo haitoki vizuri kwenye chakula. Weka juu yake miaka miwili bila nyama, mayai wala maziwa.

Mfugaji:
Anatumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo pia? Za kiungulia? Nazo zinachangia zikitumika muda mrefu.

Mla Vyote:
Ndiyo, omeprazoli, kila asubuhi.

Mama Pacha:
Basi usisubiri. Mpeleke wapime B12, uitaje kwa jina, maana kipimo cha kawaida cha damu hakiionyeshi. Waambie dawa zote mbili na muda aliozitumia, na kwamba hali chochote cha mnyama. Asiache metformini kwa kichwa chake. Na kama hataki kurudi kwenye nyama usimlazimishe, hilo la B12 linatibika kwa sindano au vidonge.

Asiyelala:
Mla Vyote, mpeleke mama kesho. Mimi kidole kimeshapoa.

Mla Vyote:
Nimeshampigia simu. Amekubali. Ila ameniuliza kama mayai mawili kwa siku yatapandisha sukari yake, na sijui nimjibu nini.

Dada wa Bustani:
Mayai hayana wanga wa kupandisha sukari. Muulize anayapenda ya kuchemsha au ya kukaanga, uanzie hapo.