Simtanki la lita 1000 au madumu 30? Akiba ya maji, Mabatini, Mwanza

Mama_Mlimani: Wakuu, habari za jioni. Mgao wa maji unazidi, nataka kununua wiki hii. Simtanki la lita 1000 au madumu 30 ya lita 20? Naombeni ushauri.

FundiBomba_Igoma: Dada, hujasema mko wangapi, gari linafika wapi, na tanki litakaa juu ya nini. Bila hayo tunapiga ramli. Kwa kubana, mtu mmoja lita 15 kwa siku: kunywa, kupika, kuoga. Watu sita ni lita 90. Tanki siku 11, madumu siku sita na ushee.

Mwaloni_Kirumba: Madumu! Koki ya tanki ikiachia usiku, asubuhi huna kitu. Dumu likitoboka umepoteza lita 20 tu. Ila yasiwe yaliyobeba dawa za shamba, harufu ikiisha sumu inabaki.

FundiBomba_Igoma: Mkuu, tanki huharibiwa na msingi. Lita 1000 ni tani nzima. Ukilikalisha juu ya mbao zilizoachana, kitako kinabonyea kwenye mianya na ufa unaanzia chini, usipoona. Kokoto moja kama punje ya hindi inatosha kulitoboa. Mwaga zege inchi nne, pana kuliko kitako, lisawazishe kwa pima maji (kile kipimo cha fundi chenye kipovu), lifagie ndipo uweke. Bomba la kutolea lishikizwe ukutani. Likining'inia, uzito wake unavuta washa, ule mpira wa kuziba tundu, na pale ndipo panapoanza kuvuja.

Nesi_Ilemela: Mnagombania chombo, maji yenyewe je? Kidonge cha klorini cha miligramu 67 ni kwa lita 20 za maji maangavu, subiri nusu saa. Ya ziwa yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa kizito, la sivyo klorini inaishia kwenye tope. Yakiwa kijani kama rangi iliyomwagwa, usiyachote kabisa: kuchemsha hakuondoi sumu ya mwani ule.

Mwaloni_Kirumba: Umenisaidia, nesi. Dumu moja, kidonge kimoja. Tanki lililo nusu utapimaje?

Mkulima_Misungwi: Na chakula msisahau. Dona halikai, kiini kina mafuta, linachacha. Weka mahindi makavu, usage kidogo kidogo. Dagaa wa masika wapime kwa mkono: akipinda bila kukatika bado ana unyevu, ndoo nzima itaota ukungu.

Mwaloni_Kirumba: Nunua dagaa aliyeanikwa kwenye kichanja. Wa mchangani utatafuna mchanga mpaka Krismasi.

Mama_Mlimani: Asanteni sana. Tuko saba, mmoja mchanga. Gari linaishia barabarani, kisha ni ngazi za mawe. Pa kuweka tanki ni juu ya jiwe lenyewe, limeinama kidogo.

FundiBomba_Igoma: Saba ni lita 105 kwa siku. Hilo "kidogo" ndilo linalonitisha. Laza pima maji juu ya jiwe, upige picha kwa ubavuni, uitume hapa kabla hujalipa.